Mama Pacha atafuta breki ya chungu cha risasi

Saa nne asubuhi jua limeshafika katikati ya karakana, lakini Mama Pacha bado hajakaa. Amesimama mbele ya chungu cha chuma, barakoa usoni, glovu mikononi, na mkono mmoja uko karibu na swichi ya ukutani. Macho hayatoki kwenye skrini ndogo nyekundu iliyo ndani ya boksi la plastiki.

Namba zinapanda. Mia mbili na kumi. Mia mbili na hamsini.

"Panda taratibu, mwanangu," anaiambia skrini. "Leo usinitie aibu."

Pembeni yake amesimama afisa afya, kalamu mkononi. Mlangoni ameegemea fundi cherehani wa chumba cha pili, tepu ya kupimia shingoni. Yeye ndiye aliyepeleka malalamiko.

Mama Pacha ni fundi betri. Jina amelipata kwa watoto wake mapacha, ambao amewapiga marufuku kukanyaga karakana. Anayeyusha risasi ya betri zilizokufa na kuimimina kwenye kalibu, anapata vichwa vipya vya betri, zile nguzo mbili za kufungia waya. Karibu robo tatu ya kipato chake inatoka kwenye vichwa hivyo. Baba Pacha ni dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo siku nyingi nyumba inaendeshwa na chungu hiki.

Tatizo ni joto. Risasi ikipikwa kupita kiasi inatoa moshi wa sumu. Mama Pacha alifundishwa na baba yake kupima kwa kijiti kikavu: unakichovya, kikigeuka kahawia risasi iko tayari, kikiwa cheusi papo hapo na kufuka moshi, umechelewa.

"Kijiti kizuri, ila kinajibu ukikiuliza," anasema. "Mteja akija na betri lake, unaanza kubishana naye bei, nani atakiuliza?"

Mwezi uliopita hakuna aliyekiuliza. Koili ya umeme inayopasha chungu iliwaka mfululizo, moshi ukapita juu ya ukuta hadi kwa jirani.

"Niliumwa kichwa siku nzima," anasema fundi cherehani. "Kifua kinabana. Nikamwambia, Mama Pacha, wewe unatengeneza vichwa, mimi unanivunjia changu."

Afisa alikuja na neno moja tu. Chungu kisizidi nyuzi mia tatu na themanini, na asitegemee jicho la mtu. Akishindwa kuonyesha hilo leo, kinang'olewa na kazi ya kuyeyusha inaishia hapo.

Ndipo Mama Pacha akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa Baba Pacha, anayeuza spea za umeme. Alitaka kontrola: kifaa cha kusoma joto na kukata umeme chenyewe. Shemeji akamwambia kontrola nzima haiuzwi, inaungwa, na kila kipande kina ujanja wake.

Akamwekea mezani swichi mbili za kukata umeme: rilei ndogo isiyo na mlio, na kontakta nzito ya kizamani.

"Hii ndogo ni ya bei poa," shemeji akasema. "Lakini ikifa, mara nyingi inafia mdomo wazi."

"Maana yake nini?"

"Umeme unaendelea kupita tu. Wewe unajua imezima, kumbe chungu kinapikwa. Hii kontakta ikikata unaisikia. Tak!"

"Basi nipe inayojua kufunga mdomo. Asiyejua ninaye tayari hapa mbele yangu."

Kwenye senza, kile kipande cha kupima joto, hakusita. Kulikuwa na ya kufunga kwa bolti nje ya chungu, na nyingine ndefu ya kuzama ndani ya risasi yenyewe. Akachukua ndefu.

"Mgonjwa ukimpima homa unaweka kipimajoto kwapani," alimwambia shemeji. "Huweki kwenye shuka."

Ila senza hiyo ilikuja na mkia mfupi wa waya, na boksi lazima likae mbali na moto. Shemeji akamkatia waya maalumu wa kurefushia. Mama Pacha akaushika kwa vidole viwili na kucheka.

"Uzi wa kushonea huu! Mimi nina waya wa betri nyumbani, mnene, shaba tupu. Waya ni waya, shemeji."

Shemeji alifungua mdomo ajibu, mteja mwingine akamvuta. Mama Pacha akaondoka bila ule waya.

Sasa skrini inasoma mia tatu na arobaini. Ndani ya boksi kunasikika mlio: tak. Koili imezima. Namba inaongezeka kidogo, inasimama, inaanza kushuka. Tak, koili inawaka tena.

"Ala!" Afisa anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kinajizima chenyewe."

"Kinajizima na kujiwasha," anajibu Mama Pacha. "Mimi nasimama tu kama mgeni."

Afisa anafungua kalamu. Fundi cherehani anatazama skrini, anatazama chungu.

Mama Pacha anachukua kijiti. Si kwamba ana wasiwasi. Ni mkono tu umezoea, tangu utotoni. Anakichovya, anakitoa.

Kijiti ni cheusi. Kinafuka moshi.

Hakuna aliyeona. Afisa ameinamisha kichwa anaandika. Jirani macho yako kwenye zile namba nyekundu. Mama Pacha anakishusha kijiti nyuma ya goti lake, na kwa muda anabaki hivyo. Ni kukiangusha tu, kukikanyaga, basi. Chungu kinabaki. Watoto wanakula.

Moshi wa kijiti unampanda mgongoni.

"Afisa," anasema. "Usiandike kwanza."

Anazima swichi ya koili ukutani kwa kishindo na kuinua kijiti mbele yao. "Skrini inasema sawa. Hiki kinakataa."

Fundi cherehani anarudi nyuma mpaka uani, tepu imebanwa mkononi. "Kwani mashine nayo inadanganya?"

"Haidanganyi, jirani. Kuna mahali nimeidanganya mimi, ila sijui ni wapi."

Anampigia shemeji na kuweka sauti ya juu. Shemeji anasikiliza mpaka mwisho.

"Iache ipoe," anasema. "Risasi inaganda kwenye mia tatu ishirini na saba. Ikiwa inaganda, namba itagoma kushuka. Niambie imegomea wapi."

Wanasubiri uani, watu watatu wamenyoosha shingo kuelekea boksi moja. Juu ya risasi kunatanda utando kama wa maziwa. Namba zinashuka, zinapunguza mwendo, zinasimama kabisa.

"Mia mbili na sitini," anasoma afisa.

Sauti ya simu inauliza: "Shemeji, uliunga waya gani?"

"...Wa betri."

"Shemeji!"

"Usinicheke."

"Sicheki. Umeungia wapi?"

"Pembeni ya chungu."

"Sogeza mkono hapo."

Anausogeza na kuurudisha haraka. Panaunguza hata kwa glovu.

"Basi ni hapo. Senza inahesabu joto kuanzia pale shaba inapoanzia. Wewe umeanzisha shaba kwenye moto, kwa hiyo moto wote wa hapo hauhesabiwi. Ule uzi wa kushonea ni wa madini yaleyale ya senza, ungeibeba hesabu nzima mpaka kwenye boksi."

Kumbe skrini iliposema mia tatu na arobaini, chungu kilikuwa kimevuka mia nne.

Afisa anafuta alichoandika. Anachomoa plagi, anaizungushia utepe na kuweka saini yake juu. "Sikiondoi," anasema. "Lakini hakiwaki mpaka nirudi Alhamisi. Ungenyamaza, mama, ningekuwa nimekupa ruhusa ya kuua watu."

Mama Pacha anaitikia kwa kichwa. Oda za vichwa zitasubiri, na wateja wengine hawatasubiri. Wiki hii itapita kwa kuchaji betri na kuongeza maji tu.

Mpango wake ameshaupanga. Kesho anafuata waya. Alhamisi, kabla ya kumimina hata kichwa kimoja, ataiacha risasi igande mbele ya kila mtu, na namba isiposimama mia tatu ishirini na saba, ataichomoa plagi mwenyewe. Baada ya hapo anataka kuwafungia kontrola mafundi betri wenzake wa mtaa huu, maana wote bado wanapika kwa koili tupu.

Fundi cherehani amekuwa akisikiliza. Anairudisha tepu shingoni.

"Basi leo naweza kufungua dirisha la upande wako. Toka mwezi uliopita nimelipigia misumari."

"Leo fungua, hakuna moto," anasema Mama Pacha, akivua glovu. "Mimi naisubiri siku utakayolifungua chungu kikiwa kinawaka."