Maiti Niliowachanganya Redioni

Amefariki mzee mmoja wa Kampemba ambaye kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alifanya kazi katika chumba cha maiti cha hospitali moja ya mji huu. Sitamtaja jina. Waliomfahamu watamjua kabla sijafika mbali, na wasiomfahamu jina halitawaongezea kitu. Alikuwa msaidizi wa daktari anayechunguza maiti: yeye ndiye aliyempokea marehemu mlangoni, akamlaza mezani, akamfungua, akamshona, akamwosha na kumkabidhi kwa ndugu zake. Daktari aliweka sahihi. Habari ya kifo chake niliipata kwa jirani asubuhi nikiwa nanyoa ndevu, na jambo la kwanza nililofanya, naona haya kuliandika, ni kujiuliza kama bado yupo mtu mwingine hai anayekumbuka nilichomtendea. Nilipitisha majina kichwani, nikaona hayupo. Basi nikamaliza kunyoa kwa utulivu kabisa, bila hata kujikata. Nilikuwa nimekosea, kama mtakavyoona.

Vijana wanaosoma safu hii hawajui kwamba mimi niliwahi kuwa mtu maarufu. Nami sikosi kuwakumbusha. Ilikuwa miaka ile Katanga ilipojitangaza nchi peke yake, mji ukiitwa bado Elisabethville, nami nikiandika michezo ya kuchekesha redioni. Nilikuwa na suruali mbili, miwani ambayo macho yangu hayakuihitaji, na imani thabiti kwamba hakuna mtu mwenye akili kunishinda kati ya hapa na mpaka wa Mokambo. Watu walikuwa na hofu. Mara risasi zinalia upande wa Luano, mara barabara imefungwa, mara jirani uliyemsalimu jana leo mlango wake una kufuli. Kila nyumba yenye redio ilitaka nusu saa ya kucheka. Mkubwa wetu akaniambia nitafute kitu ambacho watu wanakiogopa, nikigeuze kichekesho. Nikamjibu palepale, bila kufikiri, kwamba kitu hicho ni maiti.

Hivyo ndivyo nilivyobuni mchezo wa daktari wa kuchunguza maiti na msaidizi wake, wanaogombana kutwa nzima juu ya meza yenye mtu aliyekufa. Wanakula mkate huku wanapasua. Wanabishana kuhusu mpira, mmoja anapoteza miwani yake na inatafutwa mahali ambapo sitapaandika hapa. Mimi mwenyewe sikuwahi kuingia katika chumba cha maiti. Hata kuku nilikuwa nachinjiwa. Sauti ya kisu tulikuwa tunaipata kwa kupasua kabichi mbele ya maikrofoni, kabichi ambayo mwigizaji wetu mkuu alikwenda nayo nyumbani kila Alhamisi, na sauti ya kukata mfupa ilikuwa msumeno wa seremala ukikata mguu wa kiti. Na ili watu wacheke zaidi, yule msaidizi nilimpa lafudhi ya mtu wa Kasai, jimbo la jirani. Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu lafudhi ile ilichekesha, na kwa sababu miaka ile kumcheka mtu wa Kasai hakukumgharimu mchekaji chochote. Nilijiona msanii.

Baada ya mchezo wa pili, mtu mmoja alifika studio asubuhi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, kola imefungwa mpaka juu, na alinukia dawa. Wazazi wake walitoka Kasai zamani kufuata kazi, yeye amezaliwa hapa. Alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

"Njo weye unaandikaka bile bintu bya morgue?" akaniuliza, kama ndimi niandikaye yale mambo ya chumba cha maiti.

"Njo miye, yaya," nikajibu, kwa neno tunalomwitia kaka mkubwa.

"Ulishaka kuingia mule?"

"Bado."

"Inasikilika," akasema, bila hasira. "Sisi hatukulaka mukate pale. Mukono iko na dawa, mukate utapitia wapi? Na ile scie yenu, musumeno ile, iko ya seremala. Ya kwetu iko kadogo, hailiake vile. Na ingine tena: mule hatunyamazake. Tunasemaka na mufu. Mbele ya kumugusa unamuambia, baba, ni miye, nitakugeuza kidogo, usikasirike."

Nikaona nafasi ya kuonyesha akili yangu. "Na anajibuka?"

"Hapana," akasema. "Haweze kujibu. Njo maana inafaa kumusemesha muzuri."

Mimi nilicheka peke yangu, nikaandika maneno yake kwenye karatasi ili nije kuyatumia. Aliridhika kuona naandika. Alidhani naandika ili nijirekebishe. Kuhusu lafudhi hakusema neno, nami nilichukulia kwamba haikumkera. Kesho yake alituletea hata mfano wa sauti halisi ya kazi yake, kwa kutumia mwanzi na kitambaa kilicholowa maji. Ilikuwa sauti ya kweli mno. Fundi mitambo alitoka nje kupunga hewa, na sisi tukarudia kabichi yetu.

Mchezo wa nne ndio ulioleta balaa. Katika chumba cha maiti, kila marehemu hufungwa kikaratasi cha jina kwenye kidole gumba cha mguu. Hilo nilikuwa nimeambiwa na yeye mwenyewe. Nami nikaandika kwamba msaidizi anavua vikaratasi ili aandike matokeo ya mpira kwa nyuma, kisha anavirudisha bila kujua kipi ni cha nani. Bibi harusi anazikwa kama mkuu wa polisi, mkuu wa polisi anazikwa kwa vigelegele. Mji mzima ulicheka. Nilipita sokoni kesho yake watu wananipigia makofi, na muuza samaki mmoja akanipa samaki wawili. Niliwala kwa raha.

Wiki ileile mapigano yalileta maiti wengi hospitalini. Mama mmoja alitoka upande wa Mokambo, kwa miguu na kwa lori, kumchukua mwanawe, kijana fundi uashi aliyepigwa na kipande cha bomu. Uso wake ulikuwa hautambuliki. Mama akaonyeshwa kikaratasi chenye jina la mwanawe, akakikataa. Alikuwa amesikia redio kwa ndugu zake alikofikia. Wajomba wawili wa kijana huyo walikuwa wamekuja na fimbo, na nyuma yao watu wengine ambao hawakuwa na maiti yeyote mle ndani, ila walikuwa na hamu ya kumwona yule mtu wa Kasai anayechanganya wafu wa wenyeji. Marehemu wetu, yule wa shati la pasi, aliwafungia nje hao wengine, akamtuma mfanyakazi mwenzake aje kunichukua mimi.

Nilikwenda, maana nilidhani naitwa kupongezwa. Nilipoona fimbo zile nikatamani kurudi, lakini alikwisha kunishika mkono. Akanisimamisha mbele ya mama yule, kando ya meza iliyofunikwa shuka.

"Mama," akasema, "huyu njo aliandika ile maneno ya redio. Atakuambia yeye mwenye kama iko ya kweli."

"Miye siwezi kuzika mutoto ya bantu bengine," mama akasema. "Banachanganyaka. Redio ilisema."

"Ule wa Kasai njo alibadirisha," mjomba mmoja akapaza sauti.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzuri tayari. Hapo marehemu wetu, kwa heshima zake zote, akamwambia yule kijana aliyelala kwamba anaomba radhi, atamfunua kidogo, akashika pembe ya shuka. Mimi nikaanguka. Mtu aliyechekesha Katanga nzima kwa maiti alianguka chali kwa kuona mguu mmoja, na niliyoyakosa nilisimuliwa baadaye na yule mfanyakazi aliyenifuata.

Aliniruka, akaenda kabatini kutoa daftari. Hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe, daktari hakumwagiza. Kwa kila maiti aliyeingia, mbali na jina na tarehe, aliandika kitu ambacho mama mzazi angekijua: jino lililokatika, kovu la kuungua uji, kifungo kisichofanana na vingine. Akasoma kwa sauti ya chini kwamba sweta ni ya kijani, kiwiko cha kushoto kina kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, na mshono unatoka kulia kwenda kushoto. Mama yule akakaa sakafuni. "Njo miye," akasema. "Nilikosa uzi ya kijani. Na miye ninashonaka na mukono ya kushoto." Wajomba wakaweka fimbo ukutani. Mama akamchukua mwanawe, akamzika. Na mimi nikabebwa begani kama gunia la mihogo mpaka uani, nikamwagiwa maji, miwani yangu ya uongo ikiwa imevunjika.

Nilipozinduka alikuwa anaosha mikono. Akaniomba jambo moja. Hakutaka mchezo ufungwe, wala hakutaka niombe msamaha. "Sema ku redio kama ni weye ulitunga," akaniambia. "Sema sisi hatuchanganyake bantu. Basi. Miye niko na bibi na batoto, na bale bantu ba inje babado kwenda." Nikamwapia kwamba Alhamisi ijayo mji mzima utasikia.

Niliandika kweli, wasomaji wangu. Maneno machache, ya wazi. Nikayasoma mbele ya wenzangu studio, na hakuna aliyecheka. Sasa mjue ugonjwa wangu: ukimya wa watu wanne ulinitisha kuliko fimbo za wajomba wale. Nikachukua kalamu nikayarekebisha. Katika mchezo uliorushwa Alhamisi, msaidizi, kwa lafudhi yake ileile, anaapa mbele ya umati kwamba hachanganyi watu hata kidogo, na kila akiapa inasikika maiti mwingine akianguka kutoka kwenye meza isiyo yake. Studio nzima iligaragara kwa kicheko. Nilichukua ombi la mtu aliyekuwa anaogopea watoto wake, nikalifanya kichekesho, na kilikuwa kichekesho bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Baada ya siku mbili madirisha ya nyumba yake yalivunjwa kwa mawe. Alimchukua mkewe na watoto, wakaenda kujihifadhi katika kambi ya wakimbizi nje ya mji, pamoja na maelfu ya watu wa Kasai waliokuwa wamefukuzwa katika nyumba zao. Sijidai kwamba mimi ndiye niliyeanzisha chuki ile. Hata katika ubaya najua kipimo changu. Lakini mawe ya madirisha yale yalikuwa yangu. Alikaa huko miezi mingi. Chumba cha maiti kilipata mtu mwingine, mzuri tu, ila daftari lilibaki kabatini na hakuna aliyeliandika. Maiti wa miezi ile ambao nyuso zao hazikutambulika walizikwa bila jina, na mama zao, kama bado wapo, hawajui mpaka leo waelekee kaburi gani.

Alirudi kazini vita vilipokwisha. Tulikutana mara nyingi miaka iliyofuata, na daima alikuwa wa kwanza kusalimu. Aliniuliza habari za watoto, akanicheka nilipoanza kuvaa miwani ya kweli. Lile jambo hakulitaja tena. Mimi, kwa ujanja wangu, nilichukulia kwamba amesahau, na nimeandika katika safu hii miaka nenda rudi kuhusu wanasiasa wasiotimiza ahadi, barabara, bei ya unga, tabia za vijana na simu zao. Nimewagombeza vijana kwamba wanasambaza uongo kwa kidole kimoja bila kuuliza. Vijana hao, nisiwafiche, hawajanifikia hata robo. Wao angalau hawamsubiri mtu awaeleze kwanza kazi yake inavyofanywa, ndipo wamharibie nayo.

Kwenye kilio niliketi nyuma, karibu na njia. Mjane aliniona, akaja polepole akishikwa mkono na binti yake. Nikajiandaa kupewa pole kama rafiki wa zamani.

"Miaka yote tulikuwa tunamuuliza," akasema. "Baba, ule wa redio alishaka kusema? Na yeye anajibu, bado anaandika. Muache. Kazi ya kuandika iko nguvu, inakawiaka."

Nikainuka, nikamsogezea kiti changu.

"Sasa," akaniuliza, "ulimalizaka?"

Nilipewa nafasi ya kuongea mbele ya watu jioni ileile, na sikuweza. Nikarudi nyumbani, nikaketi kuandika haya. Nimetambua, kwa kuchelewa sana, kwamba mtu unayemfanyia mzaha ana mlango wa nyumbani kwake, na waliokusikiliza wanaujua mlango huo. Nilipaswa kulijua hilo nikiwa kijana, pale aliposimama mbele yangu kwa adabu. Mama, nimemaliza. Katika chumba kile mume wako hakuchanganya mtu na mtu. Kila aliyekabidhiwa alizikwa na watu wake, kwa jina lake. Kuchanganya nilikubuni mimi, mezani kwangu, asubuhi moja, nami sikuwa nimewahi kuingia mle.