Rufaa ya Tumbo

Usiku ule ninaousimulia uliniingia mchana, saa nane hivi, nikiwa kwenye benchi la hospitali ya rufaa na karatasi namba sitini na moja mkononi. Nauita usiku kwa sababu sina jina jingine la mahali nilipokwenda.

Mji wa hospitali ile niliufikia kwa safari ya siku tatu. Nilitoka magharibi, kwenye kiwanda cha chumvi, ambako kwa miaka sita nilichochea moto chini ya masufuria makubwa ya maji ya chumvi. Hakuna mahali nilipowahi kukaa muda mrefu hivyo, maana mimi ni mtu wa kuhama. Nimekata mkonge Tanga, nimepakia tumbaku Urambo, nimewabebea wapima barabara vyombo vyao hadi Tunduru. Nilitembea mpaka stesheni kabla ya jua kutoka, na treni ikachelewa nusu siku. Tulipofika Tabora, nilikozaliwa, kulikuwa kunapambazuka. Nilifungua dirisha. Kinamama walikuwa wakiuza asali kwenye chupa, wakibishana kwa Kinyamwezi kilekile cha mama yangu. Zamani moyo ungeruka, ningeshuka na kuisahau treni. Siku ile niliisikia lugha yangu kama mtu anayesikia redio ya jirani ukutani. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninaumwa kweli.

Ugonjwa wangu ulikuja nyuma ya Gervas. Gervas Ngonyani alikuwa Mngoni wa Songea, mtani wangu, na tulichochea sufuria moja. Aliniita mbeba mizigo, kwa ajili ya babu zangu waliobeba pembe za watu wengine mpaka pwani. Mimi nilimwita mkimbizi, kwa kuwa babu zake walikimbia vita kutoka kusini, wakafika Songea wakapumua, wakasema wameshinda. Tuliishi hivyo miaka mitatu. Kisha akaacha kunitania. Nikimchokoza ananitazama tu, kama namsemesha kwa lugha ya kigeni. Akaacha kuoga, akaacha kula.

Nilimpeleka zahanati. Mganga wa pale alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alimpima damu, akakuta ni safi, na bado akaandika malaria.

"Nitaandika nini, ndugu yangu?" aliniambia. "Nikiandika huyu amekata tamaa, mashine ya bima inarudisha fomu. Nikiandika malaria, anapata kitanda."

Akapata kitanda, akanywa dawa za malaria duru tatu, na asubuhi moja akawa amekwisha. Kwenye cheti wakaandika malaria. Mazikoni, kwa desturi, mimi mtani ndiye niliyepaswa kuruka kaburini na kuwazuia wasimzike, nipige kelele za uongo mpaka wafiwa wacheke. Nilisimama nikashika koleo. Sikuweza hata kukohoa.

Haukupita mwaka nami nikawa vilevile. Naamka nimechoka, nachochea moto sioni joto lake. Mganga yuleyule akaniandikia vidonda vya tumbo, na kwa miaka miwili nikanywa dawa za tumbo lisiloniuma. Mwisho akanihurumia. "Nenda hospitali kubwa," alisema, "kule wapo wataalamu wa kukaa na mtu wakazungumza naye." Akaniandikia rufaa. Na kwenye rufaa, kwa sababu ya mashine, akaandika tumbo.

Daktari wa kwanza niliyemwona mjini alikuwa kijana. Alinibonyeza tumbo, akaniuliza ninalalaje, mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini, kisha akafunga faili.

"Hili si tumbo, baba. Hii ni sonona. Unahitaji kukaa na mwanasaikolojia, mara moja kwa wiki, wiki kumi na mbili. Bima inalipia. Kaulizie dirisha namba nne."

Kusonona nilikujua tangu shuleni, kwenye mashairi. Sikujua kwamba ni kitu cha kuumwa, na kwamba kina daktari wake. Nilitembea kwenda dirisha namba nne nikilishika neno lile kama mtu aliyepewa yai.

"Baba, rufaa yako inasema tumbo," alisema dada wa dirishani.

"Daktari amesema si tumbo."

"Daktari amesema, lakini mfumo haujasema. Kwa mwanasaikolojia anaingia mtu mwenye rufaa ya afya ya akili. Rudi ulikoandikishwa wakuandikie upya."

"Ni siku tatu kwenda, dada. Na mashine yao kule hilo neno inalikataa."

"Inalikataa?" Alinitazama mara ya kwanza. "Basi mimi hapa sina la kufanya. Ila kwa tumbo umeshaidhinishwa. Kile kipimo cha kumeza mpira wenye kamera, leo hii hii. Usikiache, wenzio wanakisubiri miezi."

"Meza, kaka!" alisema mzee aliyesimama nyuma yangu. "Mimi bima ikinipa jino la mtu mwingine nalivaa."

Watu kwenye foleni wakacheka. Nikachukua namba. Kadi yangu ilikuwa tayari kunichungulia tumboni, haikuwa tayari kunisikiliza. Lakini sitadanganya, nilipokaa kwenye benchi lile nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu asiye na ugonjwa unaoandikika. Nilijiambia, acha niwe wa tumbo, nimeze, nirudi, yaishe.

Nikaegemeza kichwa ukutani.

Kwanza ukuta wa mbele yangu ukaanza kutoa chumvi. Inachipuka polepole juu ya rangi ya kijani, nyeupe, laini, na hakuna anayeishangaa. Kisha nikasikia harufu ya moshi wa kuni za miombo. Mtu amekaa kando yangu na benchi halikulia. Ni Gervas. Amevaa shati lake la kazi lililokaukia chumvi mgongoni, na amenenepa kidogo. Hilo likanifurahisha, nikasahau kuogopa.

"Mbeba mizigo," akasema.

Nilitaka kumjibu, mkimbizi. Mdomo wangu umejaa maji ya chumvi.

Akachukua karatasi yangu, akaisoma pande zote mbili.

"Na mzigo huu nao unambebea nani?"

Tukasimama. Ule ulikuwa ukumbi wa hospitali, na tunatembea, na chini ya miguu yangu ni mchanga wa kiwandani, na masufuria yamejipanga huku na huku bila moto. Mbele kuna baraza ndefu isiyo na paa, yenye madirisha mengi, na kwenye kila dirisha foleni ya watu walionyamaza. Foleni moja tu ndiyo yenye sauti. Watu wake wanatetemeka, meno yao yanagongana kama maharage kwenye ungo. Gervas akaingia katikati yao, mahali palipokuwa wazi, akasimama. Wao wanatetemeka, yeye ametulia. Ana haya, kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa.

"Huku tunapangwa kwa kilichoandikwa," akasema. "Mwaka wa tatu, mtani. Sijatetemeka hata siku moja. Wananiuliza nimefuata nini."

"Foleni yako ni ipi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Dirisha moja liko wazi, na sakafu ya mbele yake ni safi, haina hata alama ya unyayo.

"Ile. Haina mtu. Hawajamwandika hata mmoja."

Naitazama ile sakafu. Inavuta. Nikasema, au nilifikiri tu na yeye akasikia, kwamba basi nije nisimame pale, ili asiwe peke yake.

Gervas akakasirika. Miaka yote ya chumvi sikuwahi kumwona amekasirika.

"Nani amekuita? Mimi nimekuita? Nenda ukazeeke." Kisha akashusha sauti. "Ila usikubali wakuandike tumbo. Litamke jina lake. Na mimi unitamke."

Mara baraza haipo. Ni yale makaburi ya nyuma ya reli tulikomzika, na koleo liko mkononi mwangu, na jeneza limeshashushwa nusu, kamba zinalia. Watu wote wananitazama. Najua wanangoja nini. Nikalitupa koleo, nikaruka, nikaangukia juu ya mbao kifudifudi, nikatandaza mikono na kupiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Hazikwi huyu! Hazikwi kwa malaria! Malaria hakuwa nayo!"

Na huko juu, kwanza mmoja, kisha wengi, wanaanza kucheka. Nasikia mbao chini yangu nazo zinatikisika kwa kicheko.

Mkono ukanishika bega.

"Kaka. Kaka, unapiga kelele." Alikuwa yule mzee wa jino. Benchi zima lilikuwa limegeuka. "Unasema malaria, malaria. Una homa?"

"Sina homa."

"Basi inuka, sitini na moja wanaita tangu kitambo. Kaumeze huo mpira."

Muuguzi alisimama mlangoni, glavu mkononi. Aliniuliza kama nimekula chochote tangu asubuhi. Nilimwambia sijala, lakini simezi, kwa sababu siumwi tumbo. Akauliza nimetoka kijiji gani. Nikarudi dirisha namba nne.

Dada yule alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru. Kisha akavuta droo, akatoa fomu.

"Basi jaza hapa kwamba unakataa. Ila ujue, ukishakataa faili linafungwa. Ukitaka tena unaanza upya huko kwenu."

"Najua."

"Andika na sababu."

Mstari wa sababu ulikuwa mfupi. Niliandika kwa mwandiko wangu wa shule, polepole, nikilitamka kila neno kwa sauti kama nilivyoambiwa: Ninaumwa sonona. Gervas Ngonyani naye aliumwa hiyohiyo.

Akaigeuza fomu, akaisoma.

"Gervas ni nani? Mtegemezi wako?"

"Mtani wangu. Ameshafariki."

Akabonyeza vitufe, akangoja, akatazama kioo cha mashine, na nadhani kweli alitafuta.

"Hayumo kwenye kadi, baba."

Akachukua rula, akapitisha mstari juu ya jina la Gervas, ukanyooka vizuri. Akagonga muhuri. Kwenye mashine akaandika maneno matatu, nami niliyasoma kupitia dirishani kabla hajayaondoa kwenye kioo na kumwita mwingine: mgonjwa amekataa huduma.

Saa kumi nilikuwa ndani ya basi. Konda aliniuliza nashukia wapi, nikamwambia anipeleke mwisho wa njia. Chumvini sikurudi, na mji ule sijaukanyaga tena.