Mwambie Baba Yako

Harufu ya grisi iliyoungua, ikichanganyika na ya ndagala, dagaa wa kwetu, wanaoanikwa juani, ikishaingia puani haitoki hadi uzeeni. Ndiyo harufu ya garaji ya baba mkubwa Kashindi, pale Nyamianda, chini ya mabati yaliyotoboka, hatua chache kutoka ziwani. Wengine wakikumbuka utoto wao hukumbuka nyimbo na michezo. Mimi nakumbuka chuki. Nasema hivyo hivyo, maana shule niliiacha darasa la tano, na kulizunguka jambo badala ya kulitaja sikufundishwa na mtu.

Kashindi alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, na hawakuwa wakisemeshana. Babu alipokufa aliacha boti moja ya kuvulia. Kashindi, kwa kuwa ndiye mkubwa, aliiuza bila kumwuliza mtu, akanunua spana, jeki na jiriwa, akafungua garaji. Baba alisema kaka yake ameuza mgongo wa baba yao. Kashindi akajibu kwamba boti ingeoza tu, na mdogo wake angeoza ndani yake kwa uvivu. Tangu hapo wakikutana msibani walikaa pande mbili za turubai, na kila mmoja alijua mwenzake amevaa nini bila kumtazama.

Baba alikuwa dereva wa mradi wa chanjo za ng'ombe. Aliendesha pikipiki ya magurudumu manne, ambayo wakati ule ilikuwa peke yake mjini, na sisi watoto tulitembea tukijivuna kama tumeitengeneza wenyewe. Aliibebesha sanduku la barafu lenye dawa, akavuka bonde la Ruzizi, akapanda hadi pale ambapo wafugaji wa milimani walishuka na ng'ombe wao kumngoja. Nyumba tuliyolala, kule Rugenge, ilikuwa ya mradi. Basi msimu mmoja wa mvua, maji na mchanga vikaila ile mashine upande wa mbele. Usukani ukawa unatetemeka mikononi, gurudumu la kushoto likaegemea nje kama mguu wa bata mgonjwa. Shefu, mkuu wa mradi, aliagiza sanduku la vyuma vipya kutoka Bujumbura, akamwambia baba kwamba Jumatatu dawa inapanda. Mashine isipotoka, kazi ina mtu mwingine, na nyumba ni ya dereva. Mjini kote mtu aliyekuwa na jiriwa ya kubana vyuma vile alikuwa mmoja. Jumamosi asubuhi baba akaisukuma mashine hadi Nyamianda, mimi nyuma yake na sanduku kichwani.

Kwetu anayeleta chombo garaji haondoki. Anakaa, anampa fundi spana, anaangalia kinachotoka na kinachoingia, na vyuma vilivyokufa anarudi navyo nyumbani. Anayeondoka ama anamwamini fundi kama Mungu, ama ni mjinga. Baba hakuwa mmoja wa hao. Kwa hiyo alikaa siku nzima juu ya tairi kuukuu, akimpa kaka yake spana zilizonunuliwa kwa boti ya baba yao, na kila spana aliishika kama anayeshika mfupa. Maneno yote yalipitia kwangu.

"Bahati," Kashindi alisema akiwa amelala chini ya mashine, "mwambie baba yako alete ya kumi na saba. Kama namba anazijua."

Baba alikuwa karibu kiasi cha kumkanyaga. "Mwambie baba yako mukubwa namba minye nazijua. Hata boti ilikuwa na namba, na sijaisahau."

"Mwambie asikalie tairi yangu kama iko ya mama yake."

"Mwambie mama yangu ndiye mama yake. Kama amemusahau, aseme."

Nami nilirudia kila neno, nikigeuza kichwa huku na huku, wakati wote wawili walikuwa wamekwisha kusikia. Niliona aibu ambayo mtoto hapaswi kuiona.

Kazi yenyewe Kashindi aliijua, sitamnyima hilo. Alivua magurudumu, akatoa ile mikono ya chuma inayolishika gurudumu. Rotili, yaani vile vifundo vinavyoungia mkono kwenye gurudumu, vilikuwa vinacheza kama jino la mtoto. Alivigonga vikatoka, akavibana vipya kwenye jiriwa, akabadilisha bushi za mpira kwenye maungio, akashindilia grisi kwenye gololi za magurudumu kwa kiganja. Halafu akafika kwenye kardani, vyuma viwili vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele. Ya kushoto, mpira unaofunika kifundo chake ulikuwa umepasuka, na ndani mlikuwa na matope kama uji. Kardani mpya sandukuni ilikuwa moja tu. Akaifunga kushoto. Ya kulia mpira wake ulikuwa mzima, akaupangusa kwa kitambaa, akapita.

Hakuuliza. Fundi yeyote huanza kwa kumwuliza mwenye chombo kinalia wapi na kinalia lini. Lakini kuuliza kungekuwa kumsemesha mdogo wake, na hata kuniagiza mimi niulize kungekuwa kukiri kwamba mdogo wake anajua kitu. Baba naye, ambaye kila siku njiani aliisikia mashine ikilia, alikaa juu ya tairi, akingoja aulizwe. Kashindi alianza kukaza nati za mwisho. Nilimwona baba akilitazama gurudumu la kulia.

"Bahati, mwambie fundi huyu... Hapana. Acha."

Sijui kama ilikuwa njaa au nini. Nilisema, "Minye sisemi tena. Mukitaka, semeni wenyewe." Nikaenda kukaa mlangoni, nikingoja kofi. Halikuja, maana hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake anipige.

Baba ndiye aliyepasuka. "Weye unafunga tu. Muuza boti. Hata kuuliza huulizi."

"Nikuulize nini weye, muntu wa kushika usukani tu?"

"Uniulize inalia wapi. Nikiwa napanda, nikikata kushoto, inalia kulia. Tangu nigonge jiwe kule mutoni."

Spana ya Kashindi ilisimama. "Jiwe gani?"

"Jiwe. Unataka jina lake?"

"Mujinga weye. Ungesema asubuhi."

"Na weye ungeuliza asubuhi."

Walisema mengine mengi ambayo sitayaandika, mpaka ya siku waliyomzika mama yao. Lakini huku kinywa cha Kashindi kikitukana, mikono yake ilikuwa imekwisha kulivua gurudumu la kulia. Akakata ule mpira mzima kwa kisu, akachimba grisi kwa kidole. Ndani, kikombe kinachoshika gololi kilikuwa kimepasuka, na gololi moja ilikuwa imesagika upande. Mlimani, na mzigo mgongoni, mashine ingekwama, na korongo la kule juu halirudishi mtu. Kashindi alikitazama kile chuma, kisha akakitia mkononi mwa baba, bila kupitia kwangu. Akafungua upya kila alichofunga kushoto. Vyuma vile vya pande mbili vinalingana, kwa hiyo kardani mpya ikahamia kulia. Ile kuukuu ya kushoto akaiosha kwa petroli, akaona ugonjwa wake ulikuwa uchafu tu, akaijaza grisi na kuivika mpira mpya. Baba alimpa spana hadi mwisho, na matusi pia hadi mwisho.

Jumatatu mashine ilipanda, na nyumba ikabaki yetu. Asidhani mtu kwamba walipatana. Kashindi alipokufa, baba alisimama nyuma kabisa kaburini, akaondoka kabla ya chakula. Ila kuanzia Jumamosi ile, mashine ikiugua, alikwenda Nyamianda, akamtukana kaka yake usoni, akatukanwa, ikapona.

Leo spana zile za boti ni zangu. Nina garaji yangu Kavimvira, karibu na mpaka, niliyoijenga bila cheti cha mtu. Naletewa pikipiki, naletewa bajaji zilizokufa mbele, na mwenyewe siye anayeleta. Anatuma kijana, halafu anatuma sauti kwenye simu: mzee, iangalie tu. Niangalie nini? Hakai, hashiki spana, hajui mashine yake inalia wapi, na chuma kilichokufa hakitaki. Mafundi vijana nao wananijibu ndiyo mzee, ndiyo mzee, na ndiyo hiyo haijawahi kunionyesha gololi iliyopasuka. Wanasema siku hizi watu wana adabu. Mimi naona wanaogopana.

Mwanangu mkubwa yuko Bujumbura. Hatujasemeshana tangu aseme kwamba garaji yangu ni rundo la vyuma na niiuze. Juzi simu yake ililia, nikasikia sauti ya mjukuu: "Babu, baba anasema nikuambie..." Nyuma yake nilimsikia mtu mzima akihema.

Nikamkatiza mtoto. "Mupe baba yako simu," nilisema. "Kama ana tusi, alitoe mwenyewe."

Nikasikia simu ikibadilishwa mkono.