Ajida Niliyemutuma Kubisha Hodi

Kwetu mwanaume haendi kujisemea mwenyewe kwa baba ya musichana. Anatafutiwa mutu mwenye bibi, mwenye kujua kukaa na wazee, na huyo ndiye anabeba jerikani ya kasikisi, pombe yetu ya ndizi, na kukuombea. Jerikani ikiingia ndani, musichana mwenyewe anamumiminia baba yake glasi ya kwanza. Akimimina, amekubali.

Baba yangu alikufa zamani, na wajomba zangu walikuwa Shabunda, barabara imefungwa na vita. Mimi nilikuwa askari kambini, huko juu ya Bunyakiri, na permisio ya kwenda nyumbani hakuna. Basi nikamutuma ajida, mukubwa wa hema letu, mutu wa Bukavu, baba ya watoto wane. Tulikuwa tunakula sahani moja. Alipopewa siku saba za kwenda kutibiwa jino mjini, nilimwazima shati langu la sikukuu ili asiingie kwa watu na kombati ya jeshi. Nilimufundisha maneno yote: muchumba wangu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, soko la Kadutu, baba yake ni mwalimu aliyestaafu, mupole, lakini hapendi kuharakishwa. Mujinga mimi.

Alirudi akasema muzee ameomba muda wa kufikiri. Akavua viatu, akalala.

Siku tatu baadaye akapita maman mumoja wa Kadutu aliyekuwa akituletea sabuni na sigara. Yeye hakujua anasema na nani. Alinisimulia, huku akicheka, kwamba ajida wetu amemuposea mudogo wake binti wa mwalimu, yule mudogo mwenye kazi ya ofisi anayekaa Nyalukemba, na jerikani imeingia ndani.

Imeingia ndani! Nikajua basi, glasi imemiminwa. Kila Jumapili tulikuwa tunapanda kilima chenye rezo, mutandao wa simu, tunapanga mustari kupiga simu, na mimi nilikuwa naishi kwa ajili ya zile dakika tano za sauti ya muchumba wangu. Siku ile nilitoa kadi ya simu nikaivunja kwa meno. Kilima sikupanda tena.

Ajida sikumuambia kitu. Nilimupigia saluti, nilimuchotea maji, na kila alipomeza tonge niliomba limukwame. Watu wanasema kikulacho kiko nguoni mwako; mimi changu kilikuwa kinakoroma pembeni yangu na shati langu kwenye mufuko wake. Nilijifunza mugongo wake kuliko nilivyojua sura ya mama yangu. Nilijua vitani risasi haina jina, nikangoja. Miezi saba niliamuka na lile wazo, nikalala nalo, na haki ya Mungu lilikuwa tamu.

Siku yenyewe ikafika, lakini risasi ilitoka kwa wengine. Tulivamiwa tukivuka kijito, na ajida akaanguka, paja limepasuka. Wenzetu walikuwa wamekimbia. Aliniangalia, akaona kwenye macho yangu kwamba nilikuwa najua yote.

"Maliza basi," akasema.

"Hapana, mukubwa. Maiti haisemi. Wewe utasema mbele ya baba yake."

Nikamubeba mugongoni mupaka kambini. Walinisifu sana, eti nina moyo. Moyo gani! Nilimubeba kama mutu anavyobeba mbuzi yake mwenyewe.

Alipoanza kutembea na gongo, wakamuruhusu arudi kwao, na mimi nikapewa permisio ya kumusindikiza. Tulifika Bukavu saa nne asubuhi. Kwake sikumufikisha. Nilimupandisha Kadutu kwa miguu, kwenye vile vijia vya mawe na matope, na kila motari mwenye pikipiki aliyesimama kutuchukua nilimufukuza. Alipumuzika mara nyingi, jasho likamutiririka, na mimi nilifurahi. Sioni haya kuandika hivyo. Mupaka leo namuchukia.

Kwa mwalimu akasema yote, amesimama, maana nilimukataza kukaa. Jinsi nilivyomutuma, jinsi alivyoona nyumba ile nzuri akamukumbuka mudogo wake, jinsi alivyonidanganya. Nilimukazia macho nisipoteze hata neno.

Muchumba wangu alikuwa mulangoni, beseni ya sambaza kichwani. Sikujua ametufuata ndani saa ngapi. Akaitua chini. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba ile glasi hakuimimina. Kasikisi ilikaa mupaka ikachacha, wakaimwaga, na alimukatalia kijana wa Nyalukemba mara tatu. Kila Jumapili aliita namba yangu, na baadaye akaanza kuuliza kwenye misa kama kuna aliyesikia majina ya waliokufa.

Nikataka kumujibu. Nikafungua kinywa, na maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kumulaani ajida.

"Ningekungoja hata urudi na muguu moja," akaniambia. "Lakini tangu umeingia humu, mimi haukuniangalia hata mara moja. Uko unaangalia yeye tu."

Hapo ndipo nilimuangalia. Alikuwa amekonda, na mimi sikuwa nimeona.

"Papa," akasema, "mumupe kiti huyu mugonjwa. Ule mwingine aende."

Mwalimu akasogeza kiti. Mimi nikatelemuka Kadutu peke yangu, na ajida akabaki amekaa katika nyumba ile niliyoiota miezi yote.