Gololi Iliyopwaya

Jirani alibisha hodi mapema, kofia mkononi, kama mtu aliyebeba habari za msiba.

"Mama Nyuki, wadudu wamenimalizia nyanya," alisema. "Kesho jua likichomoza napulizia dawa. Tena ile kali. Nimeona nisipokwambia nitakuwa sina utu."

Mama Nyuki alimshukuru, maana majirani wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Akarudishia mlango, kisha akabaki ameuegemea, mkono kifuani. Mizinga yake yote ilikuwa imepangwa ukingoni mwa shamba hilohilo la nyanya. Dawa ikishapulizwa, nyuki wasingekuwa na pa kukimbilia.

Ufugaji wa nyuki hakuzaliwa nao. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa futi shingoni na pini mdomoni. Baba mkwe wake alipofariki aliacha mizinga michache iliyochakaa, na watoto wake wa kuwazaa wakaikimbia. Mumewe Mama Nyuki, hasa, alikuwa na sababu. Akiumwa na nyuki mmoja tu, uso unavimba na pumzi inakata. Mara ya mwisho alifikishwa hospitali akiwa amelegea kama nguo iliyolowa. Basi urithi ukamwangukia mkamwana. Mwanzoni aliifuata mizinga ile huku akitetemeka, amejifunika mpaka kucha. Akaumwa, akalia, akarudi. Ukaja mwaka, ukaja mwingine, mizinga ikaongezeka, na sasa asali ndiyo iliyokuwa ikiendesha nyumba. Cherehani ilibaki ya kushonea nyavu za kujikinga uso.

Siku hiyo aliwapigia simu watu wawili. Wa kwanza alikuwa dada yake mkubwa, aliyelima alizeti ng'ambo ya bonde. "Walete," dada alijibu, "nafasi ipo, na maua ndiyo kwanza yanafunguka." Wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye pikapu ya kubebea vyuma chakavu. Huyo watu walimwita Chapuchapu, kwa sababu hakuna shughuli aliyowahi kuianza kwa kutembea. Akaagizwa akaazime tela kwa binamu yao, muuza magodoro.

Kufika mchana, Chapuchapu alikuwa ameshaingia uani na tela nyuma, linapiga kelele kama kabati la vyombo linaloshushwa ngazini.

"Tela hilo, shemeji! Nani kama mimi?"

Mama Nyuki alikwenda moja kwa moja kwenye maungio. Nyuma ya pikapu palikuwa na bamba nene la chuma, na juu ya bamba ilisimama gololi, yaani kile kichwa cha chuma cha mviringo ambacho kikombe cha tela hukikalia kama kofia. Kikombe kikishakaa na komeo likafungwa, tela halina ujanja. Gari likienda, nalo linaenda. Lakini hapa palikuwa na mwanya. Mtu aliyeshona sare za watoto wa watu kwa miaka mingi anakijua kitu kinachopwaya hata kikiwa cha chuma. Akashika mkono wa tela kwa mikono miwili, akanyanyua. Kikombe kikapanda, komeo likiwa limefungwa vilevile, kikabakisha kidogo tu kichomoke.

"Shemeji, kofia hii si ya kichwa hiki."

"Imekaa hiyo. Si nimetoka nalo mjini mpaka hapa?"

"Likiwa tupu."

"Basi tukate mpira wa baiskeli tuivishe gololi. Itabana mpaka useme basi."

"Na ule mteremko wa sokoni ukiutafuna huo mpira?"

Chapuchapu akacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa na ukali ndani yake. "Shemeji, wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema uwapimie nguo kwanza. Jua linakwenda hili!"

"Linakwenda, nimeliona. Na watu wanaopanga mboga pembeni mwa ule mteremko nimewaona pia. Tela lenye mizinga likituponyoka pale, tutamweleza nani nini?"

Kutoka nyuma ya dirisha lenye wavu, mumewe akakohoa. "Mdogo wangu," alisema taratibu, "mpeleke mke wangu dukani."

Chapuchapu alibamiza mlango wa pikapu, lakini alimpeleka.

Duka la spea lilikuwa jembamba, limejaa minyororo na harufu ya grisi. Muuzaji alikuwa mwanamke kijana mwenye ujauzito mkubwa, ameketi kwenye tairi akijipepea kwa boksi la taa. Mama Nyuki akamwambia anataka gololi ya tela. Yule dada akapanga tatu juu ya meza.

"Kikombe cha tela kimeandikwa milimita ngapi?"

"Hamsini." Hilo Mama Nyuki alikuwa amelitazama, baada ya kufuta vumbi kwa kanga yake. Akainyakua gololi iliyochongwa namba hiyo. "Basi ni hii. Nifungie, mwanangu, nina haraka."

"Ngoja, mama. Mzigo una uzito gani?"

Mama Nyuki alikuwa amefikiria ukubwa tu. Mzinga uliojaa asali haunyanyuliwi na mtu mmoja, na yeye alikuwa na mizinga dazeni. Akamweleza hivyo. Muuzaji akaitoa ile gololi mkononi mwake, akaigeuza amwonyeshe maandishi madogo. "Hii ni hamsini kweli, lakini ni ya tela la kubebea pikipiki na vitu vyepesi. Uzito wako unaipita. Chukua hii nyingine. Kichwa sawa, lakini inavuta zaidi ya mzigo wako na tela lenyewe. Na shingo? Tundu la bamba lina upana gani?"

"Shingo tena?"

"Huu msumari mnene unaopita chini. Ukiwa mwembamba kuliko tundu, gololi itacheza humo hata mkaze mpaka mtoke jasho la damu."

Mama Nyuki akahisi uso ukimpata moto. Dakika ile tu alikuwa tayari kuondoka na kitu kibaya mkononi, yeye aliyemgombeza mtu kwa haraka. Wakatoka wote watatu hadi kwenye pikapu. Chapuchapu akaingia chini na spana kubwa, akajikunja, akakamia kama mtu anayefungua mlango wa jela.

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo Mama Nyuki hakuwahi kuisikia kwake: "Shemeji."

"Nini?"

"Nati inazunguka kwa vidole."

Akatoka chini akiwa ameishika kiganjani, nyeusi, washa yake, ile pete ya kuibana, imekatika nusu. Hakuna aliyejua ililegea lini. Wiki nzima iliyopita Chapuchapu alikuwa amekokota tela la kukodi lenye vyuma kwa gololi hiyo, asubuhi na jioni, akipita mbele ya shule ya msingi wakati watoto wanavuka. Binti yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa watoto hao. Akakaa chini ukingoni mwa barabara, hakujali suruali. Mama Nyuki alikuwa na maneno tele ya kumwambia, yamejipanga ulimini. Akamtazama, akayameza.

Muuzaji alipima tundu kwa kipimio chake, akarudi na gololi ambayo shingo yake iliingia bila kulegalega. Akaweka washa mpya ya kuzuia nati isirudi nyuma. Akampa Chapuchapu spana mbili: moja ya kuishika gololi isizunguke, nyingine ndefu ya kupimia mkazo, ambayo wateja huazimwa hapohapo lakini haiondoki mbele ya duka. "Vuta polepole," alimwambia. "Ikilia *ta*, acha. Usijitie ushujaa."

Chapuchapu akavuta polepole. Pengine ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake. Spana ikalia. Akainama kuhakikisha nyuzi za msumari zimetokeza chini ya nati, akapapasa kwa kidole, akapapasa tena.

Waliporudi nyumbani vivuli vilishaanza kurefuka. Nyuki walikuwa wakirejea mizingani kwa makundi, na giza likishaingia wangefungiwa humo. Chapuchapu alirudisha pikapu nyuma kidogokidogo, Mama Nyuki akimwelekeza kwa mkono, mpaka kikombe kikawa juu ya gololi. Wakakishusha. Kikakaa. Komeo likafungwa. Safari hii hapakuwa na mwanya wowote.

"Tayari," alisema Chapuchapu, na alisema kama anayeuliza.

"Bado. Lete jeki."

Yule dada wa dukani alikuwa amewaambia: wekeni jeki chini ya mkono wa tela, mnyanyue. Kikombe kikiwa kimeishika gololi kwelikweli, pikapu itanyanyuka pamoja nalo. Chapuchapu akapampu. Mkono wa tela ukapanda, ukapanda, kisha *pwa!* Kikombe kikachomoka, na pikapu haikutingishika hata kidogo.

Ukubwa ni wenyewe, komeo limefungwa, sasa tatizo nini? Angani palibaki wekundu tu. Kutoka dirishani mumewe aliuliza kulikoni. Chapuchapu akalala chali na tochi ya simu, akachungulia ndani ya kikombe. Akatukana, kisha akaomba radhi kwa shemeji yake.

"Nyigu," alisema.

"Nyigu gani?"

"Wale wa udongo. Wamejenga humu, mpaka nyuma ya ulimi wa komeo. Ulimi haushuki. Ulikuwa umelala juu ya gololi tu, haujaikumbatia."

Huku nyuki, huku nyigu! Mama Nyuki akajikuta anacheka, cheko la mtu anayekaribia kulia. Wakachokoa udongo ule kwa bisibisi, wakasugua kwa brashi, wakapaka grisi, wakauchezesha ulimi mpaka ukawa unashuka na kupanda wenyewe. Wakafunga tena. Jeki ikapanda. Tela likapanda, na makalio ya pikapu yakapanda nalo, springi zikilalamika.

"Nyanyua zaidi," alisema Mama Nyuki.

Akanyanyua zaidi. Kikombe hakikuachia. Wakachomeka pini ya kuzuia komeo, wakapitisha minyororo miwili kwa kupishana chini ya mkono wa tela, ili ikitokea balaa iudake kabla haujachimba barabara. Kisha wakavaa nyavu, wakaenda kuziba milango ya mizinga na kuipakia, mmoja mmoja, kwa pumzi zilizobanwa.

Waliondoka alfajiri, kabla jirani hajaanza kuchanganya dawa. Mama Nyuki alikaa kiti cha mbele amegeuka nyuma, shingo ikimuuma, macho kwenye tela. Baada ya mwendo mfupi alimsimamisha Chapuchapu. Wakashuka, wakapapasa nati, pini na minyororo. Vyote vilikuwa vimetulia. Chapuchapu hakunung'unika. Ni yeye aliyelala chini kutazama.

Mteremko wa sokoni ulikuwa umeshaanza kuchangamka. Wanawake walikuwa wakitandaza mboga juu ya magunia pembeni kabisa mwa lami. Pikapu ilishuka kwa gia nzito, injini ikikoroma. Walipofika katikati, mkokoteni uliojaa madumu ya maji ukajitokeza kutoka kichochoroni, na mwenyewe hakutazama juu wala chini.

"Shika breki!"

Chapuchapu alikuwa ameshashika. Mzigo wote nyuma ukawasukuma. Mama Nyuki aliusikia uzito ule ukiingia mgongoni mwake, pikapu ikateleza, tela likayumba kushoto, likayumba kulia, likasaga, likalia. Mwanamke mmoja aliachia beseni lake akaruka mtaroni. Minyororo ikagonga, *kacha*. Kisha gari likasimama, na tela likasimama nyuma yake, limepinda kidogo, kikombe kimeing'ang'ania gololi.

Mwenye mkokoteni alisimama kinywa wazi. "Samahani, mkuu," alisema.

"Pita, bwana," Chapuchapu alijibu. "Pita tu, pita."

Kamba ya mzinga mmoja ilikuwa imelegea, kifuniko kikasogea, na nyuki, wenye nyumba, wakaanza kutoka kuuliza kuna nini. Mama Nyuki alikimbia, wavu umemfunika nusu uso, akakisukuma kifuniko kikakaa, akaufunga mzinga kwa kanga aliyoivua kiunoni. Akawapigia kelele watu wasogee mbali, na hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Aliumwa mkononi na shingoni. Nyuki wawili waliingia kwenye pikapu, na mmoja wao akamchagua Chapuchapu kwenye kope.

"Endesha, shemeji!"

"Kwa jicho gani?"

"Lililobaki!"

Akaendesha.

Dada mkubwa alikuwa amewasubiri mwisho wa shamba, na alipouona uso wa Chapuchapu alishika mdomo. Wakaishusha mizinga kwenye mstari wa kivuli, Mama Nyuki akafungua milango mmoja baada ya mwingine. Nyuki wakatoka kwa hasira, wakazunguka, wakainuka, wakashuka tena kuzisoma nyumba zao mahali papya. Mzinga wa kwanza ulioanza kutuma wafanyakazi kwenye alizeti ulikuwa ule uliofungwa kwa kanga.

Simu ikaita. Alikuwa mumewe, ambaye hakulala. "Wamefika?"

"Wamefika."

"Na nyinyi?"

Habari za mkokoteni Mama Nyuki aliziweka mpaka atakaporudi. Akasema tu kwamba wako salama, na kwamba mdogo wake ana jicho moja.

Dada alileta chai na mkate. Chapuchapu hakuionja. Alikuwa amejilaza juu ya sakafu tupu ya tela, jicho limevimba kama andazi, anakoroma mchana kweupe. Mama Nyuki akavuta gunia akamfunika miguu, akaketi pembeni yake na kikombe cha chai, akainywa polepole mpaka ikaisha.