Picha ya Gomesi Ilivyomng'oa Mwalimu Wetu Jicho

Admin, jina langu libaki kwako, na shule usiitaje. Watu wa Kisesa ni wambea na wote wako humu.

Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, kidato cha sita, mtoto wa kwanza wa mzee mmoja mfugaji ambaye akikohoa tu nyumba nzima inanyamaza. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevunjika na umefungwa hogo, ile plasta ngumu, kwa hiyo makosa mtanivumilia.

Shule ilitupeleka Kampala kutembelea vyuo vikuu, tuone wenzetu wanavyosoma, na kutalii kidogo. Niliingia maabara ya wanaosomea udaktari nikatamani nisitoke. Siku ya mwisho tukapelekwa kituo cha utamaduni, ambako wageni wanavishwa nguo za kienyeji na kuonyeshwa posa ya kule inavyokwenda. Dada mwenyeji akanichagua mimi niwe bibi harusi, akanivisha gomesi, lile gauni lao lenye mabega yaliyosimama na mkanda mpana kiunoni. Bwana harusi akakosekana. Wavulana wetu wanasukumana tu, hakuna anayetoka. Darasa likaanza kelele, "Mwalimu! Mwalimu!" Mwalimu wetu wa baiolojia, kijana mpole aliyeoa juzi juzi, akakataa, akasukumwa mpaka akavishwa kanzu na koti. Nikapiga magoti kwenye mkeka nikampa juisi. Tulicheka mpaka machozi. Matron ndiye aliyepiga picha akaitupia kwenye grupu la wazazi: "Bwana na bibi harusi wetu hao!" Matron, sijui ulikuwa unawaza nini.

Baba anatumia kitochi, simu isiyopokea picha. Picha aliiona mnadani, kwenye simu ya mtani wake, mbele ya wafugaji wenzake. Niliambiwa baadaye kwamba yule mtani alimwambia, "We mzee, binti yako kaolewa Uganda, hata mkia wa ng'ombe hujapewa!" Watu wakaangua kicheko. Ulikuwa utani, na kwetu mtu hakasirikii utani. Baba akakasirika.

Sisi wa Kisesa tulikuwa tunashukia Usagara. Basi liliposimama nikamwona baba ameshika fimbo yake ya kuchungia, nikafurahi, jamani, nikadhani kaja kunipokea! Mwalimu alikuwa chini anatushushia mabegi. Alipomwona akainama kidogo, "Shikamoo mzee." Baba hakuitikia. Alimpiga fimbo ya uso, na mlio wake mpaka leo nausikia. Mwalimu akashika jicho, damu ikapita katikati ya vidole, na baba akapiga tena, na tena, huku akipiga kelele, "Kanibakia mtoto huyu! Kanibakia mtoto!"

Mnawajua bodaboda wakisikia neno hilo. Hakuna aliyeuliza. Walimshukia kwa mateke na helmeti, mmoja akaokota jiwe. Nikajitupa juu ya mwalimu nikipiga kelele, "Hajanigusa! Hajanigusa!" Fimbo ya baba ikaukuta mkono nilioukinga kichwani, ukavunjika. Hakuishia hapo. Alinikamata kola ya shati akanizaba makofi, "Malaya wewe, unamlinda?" Baba yangu huyo, aliyewahi kunibeba mgongoni mpaka zahanati nilipokuwa na homa. Dereva na matron ndio waliomvuta mwalimu wakamwingiza kwenye basi, wakamkimbiza hospitali.

Jicho limetolewa. Mkewe ana mimba. Nilipoenda kumwona akaniuliza, "Mkono unaendeleaje?" Mtu kang'olewa jicho kwa jambo ambalo hakulifanya, halafu ananiuliza habari za mkono!

Baba yuko rumande. Kwamba alipiga, kila mtu aliona. Kinachotafutwa sasa ni sababu, na hapo ndipo nyumbani pamewaka. Baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo, wakakubaliana nikaandikishe maelezo polisi kwamba mwalimu alilala na mimi kule Kampala, ili baba aonekane mzazi aliyepandwa na hasira, ahurumiwe. Nikakataa. Nikawaambia, "Mtamfunga mtu ambaye mmeshamtia chongo!" Baba mdogo akanirukia akanikaba koo mpaka macho yakaingia giza, na mama alikuwa amekaa pale pale, anatazama. Aliponiachia akasema nikisema ukweli nisikanyage tena pale, na wadogo zangu wataambiwa, mmoja mmoja, ni nani aliyemfunga baba yao.

Nisiwadanganye, namchukia baba. Na nikimpelekea chakula nikamwona alivyokonda, moyo unakatika. Hajaniomba msamaha. Ameniuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Wenzangu waliokuwepo Kampala wanajua hakuna kilichotokea, ila wazazi wao wamewakataza kusema, eti ni mambo ya familia ya watu. Matron amefuta ile picha na simu hapokei. Nimebaki mimi. Keshokutwa natakiwa kituoni.

Jana mama alinifuata jikoni. Hakunigusa, wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia, "Mwalimu bado ana jicho moja. Wewe una baba mwingine?"

Nyie mnaosoma hapa, mlio na baba na mliowahi kufundishwa na mwalimu mwema, naombeni mniambie: nikikaa mbele ya yule askari na kalamu yake, nifungue mdomo niseme nini?