Maktaba Iliyotaka Nikuache Nje

Siku hiyo naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu. Harufu ya vitabu vipya ambavyo bado hakuna mtu amevifungua, na ya ukuta uliopakwa rangi juzi. Ilikuwa maktaba moja katikati ya jiji, na jina lake sitaliandika hapa, sitaki mtu aseme nimewachafulia jina. Mlangoni walikuwa wametundika bango: vitabu vipya vimefika, vitabu vya kusoma kwenye kompyuta, vishikwambi vya watoto, intaneti ya bure. Wewe, Mwende, ulikuwa mgongoni kwangu, unakohoa.

Mimi si mzee. Sina mvi hata moja, na shule niliishia kidato cha nne. Nasaha ni kazi ya wazee, najua, lakini wazee wetu wako Kitui, na wakipiga simu ni kuuliza kama tumekula. Kwa hivyo utazipata kwangu, na utazipata nikiwa bado nina hasira, kwa sababu nikingoja hasira iishe nitakuwa nimesahau nilichotaka kukwambia.

Acha kwanza nikueleze nilifuata nini huko. Nilikuwa nasomea cheti cha kufundisha watoto wa chekechea, chuo cha jioni, hapa Kinoo tunapoishi. Mchana nilikuwa nafulia watu nguo kwenye nyumba za mtaa wa Muthangari, jioni naingia darasani na vidole vimekunjamana kwa sabuni. Mwalimu wetu akatuambia mtihani wa malezi utatoka kwenye kitabu kimoja ambacho madukani hakiuzwi. Maktaba ilikuwa imekinunua, nakala ya kielektroniki. Nilijaribu kukifungua kwa simu nikiwa nyumbani. Nikaona jalada tu, picha ya mama amempakata mtoto, na chini yake maandishi kwamba kitabu hiki husomwa kwenye kompyuta zilizo ndani ya maktaba. Basi. Jalada unaliona, ndani huingii.

Mtihani ulikuwa Jumatatu, na hiyo ilikuwa Jumamosi. Mama anayelea watoto kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga alikukataa asubuhi hiyo kwa sababu ya kikohozi, kwamba utaambukiza wenzako. Sikumlaumu. Baba yako alikuwa ameshaacha kupokea simu zangu, na huyo namlaumu. Nikakufunga mgongoni tukaenda.

Mlinzi alikagua mkoba wangu, akaniambia niache chupa ya maji, kisha akakuona. Akamwita mhudumu wa maktaba, kijana wa miwani mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akiniita madam kila baada ya maneno mawili. Alinieleza vizuri sana. Upande wa watoto uko, akanionyesha, na kweli ulikuwa mzuri: mikeka ya rangi, rafu fupi za kufikiwa na mkono wa mtoto, vishikwambi vimepangwa ukutani. Nikamwuliza kama naweza kukaa hapo na wewe nifungue kitabu changu. Akasema mashine za huko hufungua hadithi za watoto peke yake. Na upande wa watu wazima, ambako kitabu changu kinafunguka, watoto hawaingii kwa sababu wanasumbua wasomaji. Ukiangalia, mwanangu, kulikuwa na chumba chako na kulikuwa na chumba changu. Chetu hakikuwepo.

Nikasema sawa. Nikatoka.

Nje, karibu na geti, alikuwa akiuza Mama Nafula. Nilimfahamu kidogo, soksi zako za kwanza nilizinunua kwake. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Bungoma, ulimi wake mkali, anatandika turubai chini na juu yake soksi na vitambaa vya mkono. Lile turubai lilikuwa na kamba kwenye pembe zote nne. Wachuuzi wote wa hapo hufanya hivyo. Askari wanaowafukuza wakitokea, unavuta kamba, turubai linajikunja liwe mfuko, unalirusha mgongoni na unakimbia. Mama Nafula alikuwa stadi wa kazi hiyo. Aliniambia amekimbia sana mpaka anamjua kila askari kwa viatu vyake.

"Wamekufukuza?" aliniuliza aliponiona nimeketi kwenye ngazi.

Nikamwambia hawajanifukuza, wamesema tu mtoto haingii.

"Sasa hiyo si kufukuza ni nini? Ni kukupigia makofi?"

Akacheka peke yake. Kisha akaniambia nimwachie wewe. Alisema amelea watoto wake wote kando ya barabara hii hii na hakuna aliyeliwa na gari, na kikohozi chako ni cha vumbi tu. Nilisitasita. Akaniuliza nimekuja mjini kusoma au kuhesabu mabasi. Ulipowekwa chini ukalia, akakufunga mgongoni kwa leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, ukanyamaza mara moja, msaliti wewe. Nikaingia.

Nitakwambia ukweli: nilifurahi. Nilikaa mbele ya ile mashine mikono yangu yote miwili ikiwa huru, na hakuna aliyenivuta nywele. Kitabu kilifunguka. Kilikuwa kizuri, cha lugha nyepesi, na nilikuwa naandika haraka kama mtu anayekimbizwa. Nilifika kwenye sura ya mtoto anayetenganishwa na mama yake. Ilisema mtoto mdogo hajui kwamba mama akiondoka atarudi, kwake kuondoka ni kuondoka. Nilikuwa naikariri sentensi hiyo niliposikia filimbi nje.

Halafu miguu mingi, vitu vinavyoburutwa, mtu anapiga kelele kwa Kikuyu, mwingine kwa Kiswahili. Wasomaji wakainua vichwa, wakaangalia dirishani, wakarudi kwenye vitabu vyao. Kelele za mjini haziishi. Na mimi nikarudi kwenye changu, nikasoma mstari mzima, kabla sijaelewa ile filimbi ni ya nani na wanaokimbizwa ni akina nani.

Sijui nilivyofika nje. Najua tu kwamba geti lilikuwa wazi na mahali pa Mama Nafula palikuwa patupu. Hapakuwa na turubai wala soksi. Mlinzi wa duka la pili aliniambia mizigo imepakiwa kwenye lori na baadhi ya watu wamepandishwa nayo. Nikamwuliza kama kulikuwa na mama aliyebeba mtoto. Akasema watu walikuwa wengi. Nikamwuliza tena. Akasema, dada, nimekwambia watu walikuwa wengi.

Nilikimbia vichochoro nisivyovijua. Nilikuwa nawauliza watu swali moja na sauti ilikuwa imeshanikauka, wengine wakanipisha wakidhani ni mwendawazimu. Ndani ya kichwa changu ile sentensi ya kitabu ilikuwa inajirudia yenyewe, kuondoka ni kuondoka. Sijawahi kuchukia kitu nilichojifunza kama nilivyokichukia hicho.

Muuza mayai mmoja ndiye aliyenisimamisha. Alisema Mama Nafula ameonekana, na kwamba wenzake wanashangaa, kwa mara ya kwanza amekimbia bila mzigo. Akanielekeza kwenye jengo la nyuma, ghorofa ya kwanza, kwa mafundi wa nguo.

Nikakukuta hapo, katikati ya cherehani, mgongoni kwake, macho makavu. Ulikuwa umeshalia ukamaliza. Uliponiona hukuninyooshea mikono. Uliniangalia tu, kama unavyomwangalia mtu usiyemjua, na hilo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Mama Nafula goti lilikuwa linatoka damu na fundi mmoja alikuwa anampangusa kwa kipande cha kitambaa. Sikuhitaji kuelezwa. Mzigo hubebwa mgongoni, na mgongoni ulikuwepo wewe. Askari wangeweza kumkamata akihangaika kukufungua. Aliacha kila kitu alichokuwa anauza na akakimbia na wewe.

Nilipiga magoti nikaanza kulia na kumshukuru. Hakutaka.

"Kulia utalia kwako," alisema. "Kwanza niambie. Huko ndani, walipokwambia mtoto haingii, ulijibu nini?"

"Nilisema sawa."

"Sawa." Alilitafuna hilo neno kama linalomkwaruza meno. "Mimi nimepoteza mzigo kwa sababu ya hiyo sawa yako. Wewe msichana, mimi nikifukuzwa hufukuzwa na watu wenye rungu. Wewe umefukuzwa kwa mdomo mtupu, na ukasema sawa, na ukamwambia asante pia, si ndiyo?"

Nilikuwa nimemwambia asante.

Mafundi waliacha kushona. Mama Nafula akakufungua leso, akakuweka mikononi mwangu, akaniuliza kama nimemaliza kusoma. Nikasema bado. Akaniambia kama ni hivyo nirudi, na safari hii niingie na mtu wangu. Nikamwuliza yeye atafanya nini. Akasema atakaa hapo mpaka mguu ukubali, na nisimpotezee muda.

Nikarudi. Mlinzi alinyoosha mkono nikaupita. Nikakaa kwenye ile ile mashine, wewe mapajani. Yule kijana wa miwani akaja akainama karibu na sikio langu.

"Madam, si tulikuwa tumeelewana?"

Nikamwambia hatukuelewana, nilikubali tu. Nikamwuliza nani amesema mtoto haingii. Akasema ndio utaratibu alioukuta. Nikauliza aliukuta kwa nani. Akamwangalia mlinzi, mlinzi akaangalia mlango. Nikamwambia anifungulie kile kitabu kwenye mashine moja ya upande wa watoto, moja tu, na mimi na wewe tutakaa kwenye mkeka na hakuna atakayesikia pumzi yetu. Akasema hilo ni la wakubwa, atalifikisha. Hapo ukaanza kukohoa, ukakohoa sana, na msichana mmoja wa sare ya shule akageuka akaniambia, "Auntie, pole, lakini na sisi tuko na mtihani." Hakuwa na ubaya wowote. Ndicho kilichoniuma. Chumba kizima kilikuwa cha watu wazuri.

Kijana alinyoosha mkono akaizima mashine. Aliizima polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nikasimama. Sikusema sawa. Nilisema kwa sauti kwamba mtoto huyu ametoka kukimbizwa na watu wa rungu wakati mkeka wake uko pale mtupu, na kwamba kuna mama amepoteza kila alichokuwa nacho ili wao wasome kimya. Mtu mmoja alifunua ukurasa.

Mtihani wa malezi nilianguka. Nilirudia mwaka uliofuata, kwa kitabu cha kuazima. Wiki ile ile nilirudi pale getini kumtafuta Mama Nafula, nikakuta mama mwingine anauza mishipi mahali pake. Akaniambia hajaonekana, bila mali angekuja kukalia nini. Baadaye nikasikia amerudi kwao, baadaye tena nikasikia yuko mjini lakini mguu umekuwa mbaya. Niliuliza vichochoro vyote. Sijamwona tena.

Na maktaba iko pale pale. Wameongeza vitabu, wameongeza vishikwambi, na mama aliye na mtoto mgongoni bado anaelekezwa nje kwa heshima. Nilipita mwezi uliopita nikaingia nikauliza. Kijana wa miwani hayuko, yuko mwingine, sauti ni ile ile.

Sasa nisikilize, maana umeanza kujua herufi na muda si mrefu utakuwa unasoma kuliko mimi.

Soma. Sikuandikii haya ili uchukie vitabu. Vile vitabu nimevishika, ni vizuri, na vilinunuliwa kwa ajili yako vilevile. Viendee, vya karatasi na vya mashine. Lakini mahali popote utakapoambiwa uingie wewe na mtu wako abaki nje, usikubali haraka kwa sababu umeambiwa kwa upole. Uliza nani amesema. Uliza mbele ya watu, na ukae hapo hapo. Huenda wakakuzimia mashine kama walivyonizimia mimi. Acha wazime, lakini wazime wakiwa wanakuangalia usoni, na wasipate kusema baadaye kwamba mlielewana.

Pia usidhani wanaokuzuia watakuwa na sura mbaya. Wengi watakuwa na adabu kukushinda. Na kelele zikisikika nje wakati wewe umekaa vizuri ndani, inuka uangalie ni nani anayekimbizwa. Usisome mstari mwingine kwanza.

Na siku utakapopewa wewe kazi ya kuamua nani aingie, kwa sababu bado nafulia watu nguo ili ufike huko, ukikuta utaratibu wa ovyo uuvunje siku hiyo hiyo. Usiseme utaufikisha kwa wakubwa. Mkubwa utakuwa wewe.

Mungu akulinde, Mwende wangu. Akupe macho ya kusoma na koo la kuuliza, na asikuache utulie mahali ambapo wengine wanafukuzwa. Na Mama Nafula, popote alipo, ampe pa kukaa ambapo hataamka kukimbia.